Mafuta Tuliyoyapika kwa Makaa ya Mawe

Mimi ni mtoto wa bondeni. Nilizaliwa Bwegera, kwa watu wa mpunga, na nyumbani kwetu tulisema Kirundi. Niliolewa Uvira, kwa watu wa ziwa, ambao waliniona mshamba kwa sababu sikujua kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, bila kuzivunja. Mume wangu hakuwa mvuvi kama baba yake. Yeye alipenda vyuma. Alipokuwa kijana alikwenda kusini kwa meli, akafanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe kule Lukuga, na aliporudi alikuwa anajua kufungua moteri na kuirudisha ilivyokuwa. Ndiyo maana patroni mmoja wa Uvira alimpa kazi ya kuangalia mashini yake ya kukoboa mpunga. Mashini yenyewe ilikuwa Bwegera, karibu na kwetu. Mume wangu alipanda lori la patroni Jumatatu, akarudi Uvira Jumamosi na unga wa pumba masikioni.

Ile mashini ilibadilisha maisha ya mama yangu kuliko kitu chochote nilichowahi kumpa mimi. Mama alivunjika mkono wa kuume akiwa msichana, na mfupa ukaungana vibaya. Kutwanga mpunga kwenye kinu kulimtesa. Jioni alikuwa akiulaza ule mkono juu ya paja kama mtoto mgonjwa. Mashini ilipofika, alichukua mchi wake akaupeleka nyuma ya nyumba, akawafungia mbuzi. Alisema hataki kuuona tena.

Halafu ukaja mwaka wa mvua mbaya, hiyo miaka ya hamsini katikati, walipokuwa wanajenga bandari kule Kalundu, karibu na Uvira. Mvua ilikata barabara ya bondeni, na madaraja madogo yakaenda na maji. Mapipa machache ya mazutu, mafuta ya moteri, yaliyofika kwa meli yalichukuliwa kwa kazi ya bandari. Watu wadogo kama patroni wetu waliambiwa wangoje. Mashini ikanyamaza. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, umejaa ghalani, na wanawake wa Bwegera wakarudia vinu. Mtu wa kwetu aliyekuja Uvira kwa miguu aliniambia, "Mama yako ameuchukua ule mchi kwa mbuzi."

Nilimweleza mume wangu. Alikuwa ameketi mlangoni bila kazi, anakwangua kutu kwenye msumari. Akaendelea kukwangua. Kesho yake akaniambia, "Makaa ya mawe iko na mafuta ndani."

"Nani alikuambia?"

"Kule Lukuga. Iko muzungu mumoja, fundi, alitusimulia. Wakati wa vita, kwao walikosa esanse. Wakapika makaa ya mawe, wakatoa mafuta, wakatembeza magari. Minye nilisikia na masikio yangu."

"Na weye utapikia wapi?"

Akanionyesha nyuma ya nyumba, pale nilipokuwa naanika nguo.

Makaa hayakuwa shida. Mjomba wake alikuwa mlisha moto kwenye meli iliyotoka kusini, na vumbi na vipande vilivyobaki sitahani baada ya kushusha mzigo vilifagiwa majini. Mjomba alimwomba nahodha, nahodha akasema wachukue tu, wamsaidie kufagia. Mume wangu alileta magunia kwa mkokoteni. Yalikuwa mawe meusi yanayong'aa upande mmoja, na mepesi kuliko nilivyofikiri. Mtoto wetu mkubwa alilamba kipande kimoja, akalia.

Alitafuta pipa la chuma lenye mfuniko. Akalijaza makaa, akaufunga mfuniko kwa waya na kuuziba kwa udongo wa kichuguu, akatoboa tundu na kutia bomba la shaba, jembamba kama kidole, alilolitoa kwenye moteri mbovu. Bomba lilipita ndani ya beseni la maji, likaishia kwenye kopo. Chini ya pipa tukawasha kuni. Makaa ya ndani hayakuungua, maana hayakupata hewa. Yalipata joto tu, yakaanza kutokwa na jasho.

Harufu yake sitaisahau. Ilikuwa ya mayai yaliyooza pamoja na kamba iliyoungua. Jirani wa kushoto alitoa watoto wake nje. Jirani wa kulia alikuja na kuuliza kama tumekufa. Kisha mvuke wa manjano ukatoka kwenye bomba, na mume wangu, badala ya kukimbia, akausogezea kijinga cha moto. Ukawaka! Ulimi wa moto wa buluu ukasimama kwenye ncha ya bomba, unapumua.

"Unaona?" akasema. "Unaona, mama?"

Niliona. Nilileta sufuria ya maharagwe, nikaishikilia juu ya ule moto, kwa sababu kuni zilikuwa zimeisha jikoni na mimi sipendi moto uwake bure. Maharagwe yaliiva. Hakuna aliyeweza kuyala.

Jioni, kopo lilikuwa na maji machafu, na juu yake utando mweusi unaoteleza. Mume wangu alichovya utambi wa kitambaa, akauwasha. Uliwaka kwa moshi mwingi, lakini uliwaka. Alicheka kama mtu aliyepewa mtoto wa kiume.

Baba mkwe hakucheka. Alikuwa mzee wa ziwa, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na nyumba yake ilikuwa mbele ya yetu. Alikuja akasimama mbali na pipa.

"Samaki wangu watanuka," akasema. "Nani atanunua ndagala zenye harufu ya shetani?"

"Baba, siku chache tu."

"Hata muntu anayezama anasema hivyo, bado kidogo tu atafika."

Mume wangu alitaka kwenda haraka. Alijua kuwa Bwegera watu wanangoja, na alijua pia kuwa patroni, akikaa muda mrefu bila kazi ya mashini, atamwacha. Alikwenda kumwomba ruhusa ya kujaribu yale mafuta. Ile moteri ilikuwa ya zamani, ya aina ile ambayo kichwa chake hupashwa moto kwanza kabla haijaanza kuzunguka, na haikuchagua sana chakula. Patroni alicheka, akasema, "Jaribu. Lakini ukiichafua, utaisafisha kwa mikono yako mwenyewe."

Basi akalijaza pipa mpaka juu, akaongeza kuni. Mimi nilikuwa napepeta unga upande wa pili wa nyumba. Nilisikia pipa linalia, sauti nyembamba kama filimbi, halafu filimbi ikakatika. Kimya kile ndicho kilichonifanya niweke ungo chini. Sikuwahi kufika. Mfuniko uliruka, na lami ya moto ikaruka nao.

Baba mkwe ndiye aliyemfikia kwanza. Alimbeba mwanawe mtu mzima begani kama wavu, akakimbia naye ziwani, akamtumbukiza. Mkono wa kuume wote na shingo upande mmoja vilikuwa vimeungua. Lami ilikuwa imeshika ngozi. Tulimpeleka kwenye dispanseri ya masista, na yule sista mwenye kugawa dawa alimtazama, akanitazama mimi, akauliza, "Alikuwa anapika nini?" Nilimwambia makaa ya mawe. Akaanza kuloweka vitambaa.

Siku zile za kwanza nilimkasirikia sana. Nilimpelekea uji, nikaweka, nikaondoka. Alilala ameelekea ukuta. Siku moja akasema bila kugeuka, "Mwambie patroni atafute muntu mwingine. Na lile pipa, litupe."

Nilitoka pale nikiwa na nia ya kulitupa kweli. Nilifika nyumbani, nikalikuta limelala ubavu, na bomba la shaba bado limening'inia. Nililipuliza lile bomba. Halikupitisha hata pumzi. Lami nzito ilikuwa imeganda ndani, imeliziba kama mafuta ya ng'ombe kwenye shingo ya chupa. Nikaelewa ile filimbi ilikuwa inasema nini, na kwa nini ilinyamaza.

Sikutaka kuwa shujaa. Nilimwona tu amegeukia ukuta, na nilimjua: kama jambo lile lingeishia pale, angebaki amegeukia ukuta hata akirudi nyumbani.

Nyuma ya soko aliishi mama mmoja mtu mzima aliyepika lutuku, ile pombe kali ya mihogo na mahindi. Serikali ilikataza, na kila mtu alijua anapika, na kila mtu alisema hajui. Nilikwenda kwake asubuhi na kibaba cha chumvi.

"Mama, minye sitaki pombe. Nataka unifundishe moto."

Aliipokea chumvi. "Ni weye mwenye bwana aliyeungua?"

"Ni minye."

"Alikuwa na haraka," akasema. "Wanaume wote iko na haraka. Sikiliza. Chungu usijaze, acha mahali pa mvuke kugeuka. Moto uwe mudogo. Ukisikia chungu kinalia, toa kuni, usiongeze. Na bomba lako liwe pana, na literemke. Likipanda mahali, pale ndipo litakapokuua."

Bomba pana tulilipata kwenye takataka za bandari, kipande cha bomba la maji kilichopinda. Aliyekwenda kulichukua alikuwa baba mkwe. Sikumwomba. Alinikuta nimechuchumaa mbele ya pipa, mtoto mgongoni, nakwangua lami kwa kisu, akaniuliza, "Mukamwana, unafanya nini?"

Nikamweleza. Nilitazamia anifukuze. Akakaa juu ya jiwe, akafikiri.

"Hii kitu ilichoma mutoto wangu," akasema mwishowe. "Sasa itupatie basi hayo mafuta yenyewe."

Tulipika wawili. Yeye alilinda moto, mimi nililinda bomba na maji. Tulijaza pipa nusu tu. Tulipomaliza tulikusanya ule utando mweusi, tukaupika mara ya pili kwenye birika kuukuu, polepole, kama yule mama alivyosema, na safari hii yakatoka mafuta mepesi zaidi, ya rangi ya chai. Kilichobaki kwenye birika kilikuwa lami nzito, na tuliitupia kwenye shimo. Chupa ya kwanza niliipeleka dispanseri, nimeificha ndani ya kitenge. Mume wangu aliinusa. Akageuka kutoka ukutani, kwa shida, maana shingo ilikuwa bado inamvuta.

"Nani alipika?"

"Minye na baba."

"Baba?" Alirudia neno hilo kama mtu asiyelijua. "Baba alikaa kwenye moto?"

"Anakaa mpaka sasa."

Siku hiyo alikula uji wote, akaanza kunipa maagizo mengi mno, mpaka sista akamnyamazisha.

Kisha wakaja polisi. Ilikuwa lazima waje. Moshi kila siku, pipa, bomba, beseni la maji: mtu yeyote mwenye macho angesema hawa wanapika lutuku. Walikuja wawili na fimbo, na yule mkubwa, mwenye kofia, akaingia moja kwa moja nyuma ya nyumba.

"Iko wapi pombe?"

"Hakuna pombe, bwana," baba mkwe akasema. "Iko mafuta ya mawe."

"Mawe iko na mafuta?"

"Haya iko nayo."

"Mzee, weye unanichezea." Akaichukua chupa juu ya jiwe, yenye mafuta ya rangi ya chai, akaitazama juani. Kweli ilifanana na kitu kizuri. Nikasema, "Bwana, tafadhali, usinywe." Lakini ukimwambia polisi asinywe, ndipo anapojua kuwa amekamata. Akapiga funda.

Sijawahi kuona mtu anakimbia hivyo na kofia. Alifika ziwani akatema, akasukutua, akatema tena. Mwenzake aligeuza uso ili asionekane anacheka. Nilipeleka maziwa. Aliyanywa, akakaa mchangani, machozi yanamtoka, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyejeruhiwa, "Sasa hii mnaipikia nini?"

Baba mkwe akamweleza habari ya mashini, ya mpunga, ya mkono wa mama yangu, ya mwanawe aliyelala dispanseri. Yule polisi alisikiliza yote. Mke wake, kumbe, alikuwa mtu wa Nyakabere, kijiji cha bondeni, na huko nako walikuwa wanatwanga. Akasimama, akapangusa kofia. "Pikeni," akasema. "Lakini mutie chupa alama. Muntu atakufa."

Tulipika mpaka makaa ya mjomba yakaisha. Mume wangu alikuwa ametoka dispanseri, mkono umefungwa vitambaa, na barabara ilikuwa imekauka kiasi cha lori kupita penye mashimo. Patroni alikuwa anapeleka chumvi bondeni, akatubeba pamoja na madumu yetu.

Bwegera walikuwa wamesikia. Tulikuta wanawake wamejipanga nje ya mashini na vikapu na mifuko ya mpunga, na mama yangu katikati yao, mkono ameukumbatia. Nilitaka kwenda kumsalimu, lakini mume wangu aliniita nimsaidie kufungua tangi, kwa sababu alikuwa na mkono mmoja tu mzima.

Kichwa cha moteri kilipashwa kwa taa ya kupuliza mpaka kikawa chekundu. Aliianzisha kwa kikombe cha mazutu kilichokuwa kimebaki ndani ya pipa la mashini, na moteri ilipokwisha kupata mwendo wake, akafungulia mafuta yetu. Ilikohoa. Ikaruka pigo moja. Halafu ikarudi, tuk, tuk, tuk, kwa sauti nzito zaidi kuliko ya zamani, na bomba la moshi likatoa wingu jeusi lililowafanya kuku wote wa jirani kukimbilia ndani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mchele ukaanza kushuka.

Walikubaliana wenyewe kuwa wazee na wagonjwa watangulie. Mama alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alipokea kikapu chake, akachukua mchele kiganjani, akaunusa, akakunja uso.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawaongei uso kwa uso. Ni heshima. Basi mama akageukia pembeni, kitambaa amekishusha usoni, akaniambia mimi kwa sauti ya kusikika na wote, mume wangu akiwa hatua chache tu kutoka kwake:

"Mwambie mkwe wangu kuwa moshi wake unanuka."

"Amesikia, mama."

"Mwambie mchele nao utanuka. Lakini nitaula. Mwambie nimesikia habari ya mkono wake. Mwambie mimi najua mkono mbovu ni nini."

Mume wangu aliinamisha kichwa, macho yake yapo kwenye gurudumu. "Mwambie mama," akasema, "akae asitwange tena. Nikiwa hai, asitwange." Sauti yake ilipotea ndani ya kelele za moteri, lakini mama alikuwa amesikia. Niliona mabega yake. Alilia pale pale, amegeukia mashamba, na mimi nikashika kikapu.

Moteri ilikwenda asubuhi hiyo, haikufika saa sita. Ilianza kuruka mapigo mengi, ikatoa moshi mweupe, ikafa. Mume wangu alipoifungua, tulikuta kijitundu cha kupulizia mafuta kimejaa lami ngumu, na kila kitu ndani ni cheusi kama chungu cha wali ulioungua. Wanawake waliobaki na mpunga walirudi nyumbani. Hakuna aliyetukana. Mmoja alisema tu, "Angalau imelia."

Patroni alitukumbusha maneno yake. Tulibaki Bwegera kuisafisha ile moteri kipande kwa kipande, mkono wake mmoja na mikono yangu miwili, na jioni mama alitutumia wali. Ulikuwa na harufu ya pipa letu. Tulikula. Kabla hatujamaliza kusafisha, barabara ilitengenezwa na mazutu yakafika, na mashini ikarudi kwenye chakula chake. Patroni hakumfukuza mume wangu. Alisema fundi anayeweza kuifungua moteri kwa mkono mmoja ni bora kuliko mwenye miwili, na mwingine kama huyo atamtafuta wapi.

Baadaye fundi mmoja mzungu wa bandari, aliyesikia habari kutoka kwa polisi, alikuja kutazama pipa. Hakutudharau. Alichuchumaa, akachora kwa kijiti mchangani. Alieleza kuwa tulichopata ni mafuta machache tu ambayo makaa huyatoa yakipashwa moto. Wale wa wakati wa vita walifanya jambo jingine: walisaga makaa, wakayasukumia hewa ya aina yake kwa nguvu kubwa mno, ndani ya vyuma vinene, katika kiwanda kikubwa kama kilima, mpaka makaa karibu yote yakageuka mafuta.

Mume wangu alitazama michoro muda mrefu. "Kumbe kule Lukuga nilisikia nusu ya habari," akasema.

"Nusu ile ingine," mzungu akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "hata miye siwezi kufanya hapa."

Wakacheka wote wawili.

Ile lami tuliyokuwa tunaitupia shimoni ndiyo iliyopata kazi. Baba mkwe aliijaribu kwenye mtumbwi wake uliokuwa unavuja penye kiraka. Aliipasha moto, akaipaka, na maji hayakuingia tena. Wavuvi wengine wakaja na makopo. Mjomba aliendelea kutuletea makaa yaliyofagiwa melini, na mume wangu alipika Jumamosi na jioni za mapumziko, kwa moto mdogo, bila haraka. Mafuta mepesi tuliyachanganya kidogo na mafuta ya taa kwenye taa ya uani, ambapo moshi haukumsumbua mtu. Mkono wake ulipona, ila vidole viwili havikukunjika tena, na alijifunza kushika spana kwa vilivyobaki. Mimi niliacha kupika nilipokuwa na mimba ya mtoto wa tatu, kwa sababu harufu ilinitapisha. Baba mkwe akachukua nafasi yangu kwenye bomba, na siku ya kwanza nilimsikia kutoka jikoni akimfokea mwanawe atoe kuni, atoe kuni upesi, pipa linalia.